Bwana wa Pili wa Mama

Juzi niliingia duka moja la Eastleigh kutafuta udi wa harusi ya binti wa rafiki yangu. Mwenye duka, mzee mmoja mwenye ndevu za hina, alikuwa akifungua gunia jipya, na kabla sijamwambia ninachotaka, harufu ya manemane ikanipiga usoni. Kwetu tunaiita malmal. Ni utomvu mchungu unaolowekwa majini mpaka maji yanageuka rangi ya chai nzito, na wanawake wa kwetu huutumia kwa uzazi, kwa jino, kwa kidonda. Mama aliutumia sana, na hakuwa mgonjwa wa jino. Nilitoka nje bila udi, nikasimama ukutani kama mtu aliyesahau njia. Mzee akanitolea kiti, akaniuliza kama nina ugonjwa wa sukari. Nikamwambia ndiyo, ninao. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza.

Mama ameshakwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu. Nyinyi wa rika langu mliokulia Garissa mtaikumbuka mvua ninayotaka kuitaja, ile iliyonyesha mpaka tukadhani mbingu imepasuka na fundi hapatikani. Watoto wetu tukiwasimulia wanacheka. Wanaona tunatia chumvi, kwamba mji wa vumbi kama ule uliwahi kupitwa na mashua barabarani. Basi nami sikusimulia, kwa sababu mvua yenyewe ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi ya hadithi.

Kabla ya mvua baba alikuwa dalali wa mifugo. Alikwenda Liboi, alikwenda Diff, akarudi na ng'ombe na ngamia kwenye soko la mjini, na kila mtu alimjua. Biashara ile kwetu haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, na vidole vinataja bei ambayo jirani hapaswi kuisikia. Kidole hiki kikibanwa ni kiasi fulani, kikikunjwa ni kiasi kingine. Baba alikuwa bingwa wa lugha hiyo. Jioni alinikalisha karibu naye mkekani, akafunika mikono yetu kwa kikoi chake, akaniambia, "Haya, niuzie huyu ngamia." Nami nikambana kidole nisichojua maana yake, naye akapiga kelele kwamba nimemfilisi, watoto wake watalala njaa. Nilimpenda sana. Nalisema hilo mapema msije mkadhani nilizaliwa nikimwogopa.

Alimpiga mama hata wakati ule, sitaki kupaka sukari. Lilikuwa kofi la hapa na pale, la aina ambayo katika bulla yetu, yaani mtaa wetu, hakuna aliyegeuza shingo kulitazama. Mama alinyamaza siku nzima, kisha maisha yakaendelea. Nilidhani ndivyo watu wazima wanavyokumbushana mambo.

Kwetu kuna neno biil. Ni pesa ya chakula cha siku, anayoiacha mwanamume asubuhi kabla hajatoka. Baba aliiacha chini ya kikombe alichonywea chai. Ukitaka kujua nyumba ni ya nani huulizi nani aliyeijenga, maana nyumba zetu za miti na mikeka hujengwa na wanawake. Unauliza nani anayeacha biil. Mwanamume anayeiacha anaweza kuwa mkali, mchafu, hata bubu, na bado ataitwa mwanamume.

Mvua ilipokuja, Tana ikafurika ikaingia bullani. Ng'ombe wa baba waliokuwa njiani kutoka Liboi walikwama kwenye tope, wengine wakasombwa. Waliobaki wakashikwa na ule ugonjwa wa kutoka damu, soko likafungwa, na watu wakaogopa hata kunusa nyama. Asubuhi moja nilikwenda kuchukua kikombe cha baba na chini yake hapakuwa na kitu. Siku iliyofuata pia. Halafu baba akaacha kunywa chai nyumbani, nadhani ili asiache kikombe. Alitoka alfajiri akaenda kukaa kwenye kibanda cha chai karibu na soko, yeye na madalali wenzake wasio na mnyama wa kuuza, wakingojea gari la mirungi lifike alasiri. Vidole vyake havikuwa na kazi. Alikuwa akivipasua kimoja kimoja mpaka vinalia, na mpaka leo mtu akipasua vidole karibu nami naondoka.

Ndipo likaja shirika. Sitalitaja, na watu wake nadhani walikuwa na nia njema. Walituita kwenye uwanja wa shule, akina mama mbele, wanaume nyuma, watoto popote. Alisimama dada mmoja wa kutoka bara, jina lake Ester, mwenye sauti ndogo, na mkalimani wetu akashika kipaza sauti. Akasema kuna mradi wa kuwasaidia walioharibikiwa na mvua. Kila mwezi familia itapewa pesa taslimu, si unga wala mafuta, na zitatiwa mkononi mwa mama. Mzee mmoja akauliza kwa nini mama na si baba. Mkalimani hakumngoja hata Ester ajibu. Alicheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Kwa sababu nyinyi mtazitafuna!" Akafanya mdomo kama anayetafuna mirungi. Uwanja mzima ukaangua kicheko, wanawake kwa wanaume. Baba alicheka pia. Nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu naye, nikamwona anakaza kikoi chake kiunoni, anakikaza tena, kisha anaondoka kabla mkutano haujaisha.

Sasa mnisikilize vizuri hapa. Neno walilotumia lilikuwa mradi. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya shule na ya ofisi, na mimi nilikuwa darasa la tatu, najua kuomba ruhusa ya kwenda nje na kutaja rangi. Ndimi za kina mama hazikuweza kubana ile m na r pamoja, zikatia u katikati. Muradi. Na Muradi kwetu ni mtu. Katika duksi yetu, tulikosomea Kurani, alikuwapo mtoto wa jina hilo hilo, mwana wa mwuza maji, aliyenusurika fimbo kila siku kwa kulia mapema. Kwa hiyo mama alipomwambia jirani yetu Dahabo, "Muradi anakuja kesho," mimi nilielewa kila kitu. Kuna bwana mmoja, anaitwa Muradi, ana mali, na anatupenda.

Mwezi wa kwanza alipotuletea, nyumba ilibadilika. Mama alinunua maziwa ya ngamia, nyama kavu, na viatu vyangu vya plastiki vyenye kufunga. Alinipaka mafuta kichwani akanisuka vizuri, na alipokuwa akinisuka aliimba kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alijitia hina miguuni. Baba pia alipata fungu lake: mama alimpa pesa kidogo kwa mikono miwili na uso chini, kwa adabu, kama anayemrudishia kitu alichoazima. Baba alizipokea. Wiki kadhaa hakumgusa mama, hata sauti hakuipandisha. Mtu aliyetuona wakati ule angeandika kwamba dawa imepatikana.

Mama alitaka kitu kimoja, mbuzi wa maziwa wa kwake. Dahabo alikuwa mjane, na kwa besa za mwezi wa pili (sisi p hatuna, ni besa) alinunua mbuzi mwenye mimba, na asubuhi akawa anauza maziwa kwenye kibuyu barabarani. Alinenepa mwanamke yule. Alianza kujibu watu. "Kaltuma," alimwambia mama, "weka kidogo kidogo, tununue wako, tuuze pamoja." Mama akawa anaweka. Alifunga noti kwenye ncha ya mtandio wake, akaifunga tena fundo juu ya fundo, na alipolala aliulalia. Niliwaza mara nyingi baadaye kwamba besa zilikuwa zile zile, kutoka mkono ule ule, ila kwa Dahabo ziliingia nyumba isiyo na mwanamume wa kuziuliza zinakwenda wapi.

Siku moja mama alinituma kibanda cha chai nikanunue sukari. Baba alikuwa amekaa na wenzake. Mmoja wao, Gedi, mtu wa maneno mengi ambaye naye alikuwa amefilisika vivyo hivyo, aliniona akapaza sauti.

"Warya, wewe bwana, binti yako huyu hapa! Muulize kama Muradi ameacha biil leo."

Wakacheka. Gedi akaongeza, "Kaltuma ameolewa tena, wallahi, na bwana wa pili anamwachia biil kubwa kuliko ya wa kwanza. Wewe ni mgeni pale, siku hizi. Ukiingia, bisha hodi."

Baba alicheka kwa meno tu. Mimi sikucheka, nilikuwa nimepewa habari. Nilirudi nyumbani na sukari yangu nikiwaza mambo makubwa. Kumbe Muradi si mfadhili tu, ni mume. Nikamchora kichwani: mweupe kidogo, tumbo mbele, saa mkononi, sauti ya chini. Hawezi kulala kwetu kwa sababu ana wake wengi, tena wengi mno, maana mstari wa kina mama siku ya malipo ulizunguka shule nzima, na ustadhi wetu alikuwa ametuambia mwisho ni wanne. Hilo lilinisumbua. Niliamua kwamba labda watu wenye mali sana wana ruhusa yao.

Niliamini pia kitu kingine, na hiki sikumwambia mtu. Niliamini kwamba mume anayetoa biil hataki mkewe apigwe na mtu mwingine.

Tangu siku ile ya sukari baba hakuwa tena yule wa mwanzo. Soko lilianza kufunguka kidogo, na mara moja moja alipata cha mkononi, lakini hakuacha hata ndururu nyumbani. Mama akimwambia mafuta yamekwisha, alijibu, "Mwambie Muradi." Mtoto akiumwa, "Muradi ampeleke hospitali." Alilisema jina hilo kama mtu anayetema ganda la mirungi. Kisha akaanza kuja siku za malipo kumngojea mama mlangoni. Mwanzo aliomba. Baadaye alinyoosha mkono tu. Na mama, ambaye miezi ile alikuwa ameonja kula, kulala na kupanga jambo, alianza kumwambia zimekwisha. Makofi yakarudi, na si ya hapa na pale tena. Kila mwezi, siku ile ile, baada ya sala ya adhuhuri. Nilianza kuijua siku ya malipo kwa harufu, maana asubuhi yake mama alishaloweka malmal kwenye kopo, kabla hajaguswa. Fikirini mtu anayetayarisha dawa ya kipigo ambacho bado hakijafika, kisha anajitanda mtandio anakwenda kupanga mstari.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mama alirudi na noti kiganjani. Hakuwa amezifunga mtandioni, labda alijua mtandio utavutwa kwanza. Baba alisimama mlangoni.

"Lete."

"Ni za mbuzi," mama alisema. "Aabe wa watoto, ni za mbuzi. Tukimnunua ni wako pia."

"Nimesema lete."

"Leo hapana."

Sikuwahi kumsikia mama akisema hapana kwa baba. Hata yeye mwenyewe nadhani hakuwahi kujisikia. Baba alimshika mkono, mama akakaza kiganja, na baba akakaa chini, akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja. Hakuwa na haraka. Vidole vile vya dalali, vilivyojua kubana na kukunja, vilifanya kazi yake bila kelele. Mama hakufungua. Nikasikia sauti ndogo, kama kijiti cha kuwashia moto kikivunjwa, kisha nyingine, na ndipo mama akapiga ukelele na noti zikaanguka. Baba aliziokota moja moja, akapangusa vumbi, akatoka. Mimi nilikimbilia barabarani. Nilisimama pale kwenye jua nikitazama upande wa ofisi za mjini, nikimngoja Muradi. Niliona mikokoteni ya punda ikipita na maji, nikaona askari wawili, nikaona mbuzi wa Dahabo. Hakuja.

Dahabo ndiye aliyefunga vidole kwa vijiti na kitambaa, na ndiye aliyetuma salamu Diff kwa lori, kwa kaka yake mama. Huyu tulimwita Abti, yaani mjomba. Abti alikuja na hasira ya kutosha mji mzima. Alivua viatu, hakunywa chai, akasema mbele ya watu kwamba dada yake si punda. Moyo wangu ulipanda. Niliona sasa jambo litaisha.

Wazee waliketi uani kwa Dahabo chini ya turubai, upande wa baba na upande wa mama. Kwetu mwanamume akimkosea mkewe mpaka damu au mfupa, hutozwa haal. Ni fidia ya kufuta machungu: hulipwa kwa ndugu za mke, na mke mwenyewe huvishwa nguo mpya. Walizungumza toka asubuhi mpaka jua likawa la utosini. Mama aliketi ndani kwa Dahabo nyuma ya pazia, mimi kando yake, na hakuna aliyemwuliza lolote, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umeshaonyeshwa. Uamuzi ukatolewa. Baba atoe mbuzi mzima kwa Abti, atoe gauni na mtandio kwa mama, na amwombe radhi. Baba akainamisha kichwa akasema amekubali, aongezewe muda hadi mwezi uandame. Wazee wakamsifu kwa kukubali upesi, na Abti akabaki mjini kuingojea haal.

Mwezi ukaandama, na siku ya malipo ikafika. Mama alikwenda kwenye mstari na mkono uliofungwa. Safari hii baba alimsindikiza, akamngoja langoni mwa shule, na mama akampa zote. Jioni baba alirudi akiburuta mbuzi jike mweupe mwenye kiwele, na kwapani ana gauni la maua limefungwa gazetini. Watu wakatoka kutazama. Wakasema mwanamume amejirudi. Abti akamkumbatia.

Mama alimtazama mbuzi. Alimzunguka, akamshika kiwele kwa ule mkono mzima, akakaa akikishika.

"Abti wa watoto," alimwambia kaka yake polepole, "usimchinje. Niachie."

Abti alicheka kwa upole, kama unavyomcheka mgonjwa. "Walaal, dada yangu, haal haifugwi. Haal inaliwa, ili yaishe. Ukiifuga umefuga ugomvi."

"Ni wangu, walaal. Nimemnunua mimi."

"Mumeo amemnunua."

Mama alitazama wazee, akamtazama baba aliyekuwa amesimama na uso wa mtu aliyesamehewa, akamtazama na kaka yake aliyesafiri siku nzima juu ya lori kwa ajili yake. Akaachia kiwele. Mbuzi alichinjwa saa ile ile, na kwa kuwa ni nyumba yake, mama ndiye aliyempika, kwa mkono mmoja, amevaa gauni la maua. Nyama ilikuwa nzuri sana. Tulikuwa hatujala nyama laini vile tangu kabla ya mvua, na kila mtu alisema hivyo. Alipokuwa akisugua sufuria mama aliniambia bila kunitazama, "Nimejinunulia vidole vyangu." Nilidhani anamaanisha vimepona.

Abti alirudi Diff na roho safi. Baada ya hapo hakukuwa na wa kumlilia, maana kesi ilikuwa imekwisha kwa haki na watu wamekula. Mama hakuweka tena besa. Alitoka kwenye mstari, akampa baba, baba akamwachia kidogo chini ya kikombe, na watu wakasema baba ameanza tena kuacha biil. Kipigo hakikuisha. Kilikosa tu siku yake maalumu. Kilianza kuja kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya joto, kwa sababu Gedi amesema kitu kibandani. Mama aliacha kuimba, akaacha hina, akaacha kwenda kwa Dahabo. Dahabo akimwita kutoka ng'ambo ya ua, mama alijibu "nakuja" na haendi. Alikuwa mwanamke mchanga bado, mdogo kuliko nilivyo leo, na nilimwona akizeeka mbele yangu kama nguo inayoachwa juani.

Mimi bado nilikuwa na tumaini langu moja. Kwa hiyo dada Ester alipokuja nyumbani kuuliza maswali, nilifurahi kuliko sikukuu. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuuliza msaada umefanya nini. Mkalimani alikuwa mgonjwa siku ile, na mama Kiswahili chake hakikufika mbali, basi Ester akaniuliza kama naweza kusaidia. Nikasema naweza, maana Kiswahili changu cha shule kilikuwa kimekua tangu mkutano ule. Baba alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango.

"Mzee, unaweza kutupisha kidogo?" Ester alimwomba.

"Mimi iko nyumbani yangu," baba alijibu kwa Kiswahili cha sokoni. "Uliza tu. Fizuri."

Ester akasita. Jua lilikuwa kali, na nyumba zilizobaki zilikuwa nyingi. Akauliza mama anakula mara ngapi, watoto wanakwenda shule, na mimi nikageuza maneno huku na kule nikijiona mkubwa. Kisha akashusha sauti. "Muulize, tangu mradi uanze, hapa nyumbani kukoje? Wanaelewana? Kuna shida yoyote?"

Nikauliza. Mama aliuvuta mtandio ukafunika mkono wa kushoto. Baba akapasua kidole.

"Mwambie alhamdulillahi," mama alisema. "Mwambie tumepata nguo, tumekula mbuzi."

Nikageuza hivyo hivyo. Ester akatabasamu, akaandika. Alikuwa anainuka, na nikaona nafasi yangu inaondoka, nikamshika sketi.

"Dada, Muradi mwenyewe atakuja siku gani?"

"Nani?"

"Muradi. Anayetupa besa. Nataka aje hapa nyumbani. Nataka kumwambia maneno."

Ester alinitazama, akamtazama mama, kisha akaelewa, na kicheko kikamtoka mpaka akashika ubavu. Baba naye akacheka, kicheko cha kweli, cha zamani, cha wakati wa kikoi na ngamia. Akamfasiria mama, na mama pia akafunika mdomo, mabega yakamtikisika. Kwa muda kidogo nyumba yetu yote ilikuwa inacheka.

"Mradi si mtu, mpenzi," Ester alisema akijifuta macho. "Ni kazi tu. Ni ofisi na magari. Tena ukifika mwisho wa mwezi unakwisha, tunahamia kwingine."

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Alinipapasa kichwani, akapanda gari. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, si kwa aibu kama walivyodhani. Nililia kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nikimwambia mama kimoyomoyo avumilie, yuko mtu anakuja.

Mradi ulikwisha kama alivyosema. Wazee walisema fitina sasa imeondoka, nyumba zitatulia. Yetu haikutulia. Baba alikuwa amezoea, na mama naye alikuwa amezoea, na ng'ombe wa Liboi waliporudi sokoni na baba akarudi kuwa dalali, mkono wake ukawa na kazi mbili. Hawakuachana. Mama alizaa wengine wawili. Mimi nikasoma, kwa ukaidi wangu na kwa maziwa ya Dahabo aliyenilipia, nikawa mwalimu.

Mshahara wangu wa kwanza niliuchukua wote nikapanda basi kwenda nyumbani. Njia nzima nilikuwa nikipanga: mbuzi watatu, wanne, chumba cha mabati, mama akitaka aje akae nami. Nilimkuta jikoni, sahani yake imefunikwa kando. Nikamtilia bahasha mapajani. Hakuigusa. Alitazama mlango kwanza.

"Umemwambia nani?"

"Hakuna, hooyo. Ni yako. Nimekuletea wewe."

"Najua umeniletea mimi," akasema kwa sauti ya chini, "ndiyo maana nakwambia itoe hapa. Mpe aabe wako. Mwambie umemletea yeye, na mimi sijui chochote. Kila mwezi fanya hivyo. Nenda sasa, kabla hajauliza umeingia huku kufanya nini."

Nilitaka kukataa. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimesoma. Aliishika kanzu yangu kwa vile vidole, akanitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima, na nikainuka. Baba alikuwa uani. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akafurahi, akainua viganja na kuniombea dua ndefu, kwa sauti, ya heri na umri na mume mwema. Mama aliisikia kutoka jikoni. Ilipokwisha alisema amina, akafunua sahani yake, akala.